Nilitumwa Kola kumkanya mpwa wangu

SIMU ilipolia Alhamisi jioni, nilikuwa nimeishika mikononi nikicheza gemu. Nilipoona ni dada yangu mkubwa anayepiga, niliiacha iite kwanza, maana mchezo ulikuwa umefika mahali patamu. Alipopiga mara ya pili ndipo nikapokea. Likumbuke jambo hilo, msomaji, kwani nitalirudia mbele.

"Ndugu yangu," akaanza bila salamu, nami nikajua kuna neno. "Mpwa wako ameniibia."

Dada yangu aliolewa Kola, katika Kaunti ya Machakos, miaka 17 iliyopita. Hulima mahindi na mbaazi, na hufuga kuku wa kienyeji. Kwa kuuza mayai alikuwa amejiwekea shilingi 1,800 kwenye simu ili anunue mbegu kabla ya mvua za vuli kuanza. Pesa hizo zilikuwa zimeyeyuka. Mwanawe wa miaka 15 alikuwa amenunulia nguo. Si nguo za kuvaa, la hasha! Alimnunulia nguo askari wa kuchorwa anayeishi ndani ya simu.

"Wewe umesoma, unaandika magazetini, na ndiwe mjomba wake," dada akasema. "Njoo umkanye. Samaki mkunje angali mbichi."

Nilimwahidi kwamba Jumamosi ningefika bila kukosa. Kisha nikakata simu, nikarudi kwenye gemu yangu.

Naam, hapo ndipo penye kioja. Mwandishi wa makala haya ni mchezaji gemu tangu utotoni, na dada hakujua ni kwa kiasi gani. Kunituma mimi nikamkanye mtoto kwa sababu ya gemu ni sawa na kumtuma fisi akamkanye mbwa asile mifupa.

Barabara ya kwenda Wote

Kutoka Nairobi hadi mjini Machakos ni safari ya kilomita 60 na ushei. Unafuata barabara kuu ya Mombasa mpaka Kyumvi, kisha unaingia kushoto na kuikabili milima. Machakos ni mji wenye historia ndefu kuliko Nairobi yenyewe. Ulikuwa kituo cha utawala wa Waingereza hadi reli ilipopita kando, na makao yakahamishiwa Nairobi mwaka wa 1899.

Hapo mjini nilibadilisha gari, nikapanda matatu inayoelekea upande wa Wote. Tuliipita Katumani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha nchi kavu ambako ndiko lilikotoka jina la mahindi ya Katumani, yale yanayokomaa upesi kabla ya mvua kukimbia. Baada ya hapo barabara ikaanza kupinda na kupanda.

Msafiri anayefika pande hizi mara ya kwanza huona vilima vimekatwakatwa kama ngazi. Hayo ni matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika kwamba ardhi ya Machakos ilikuwa inakufa, na dawa waliyoiona wao ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka wa 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi kudai ng'ombe wao. Miaka mingi baadaye wenyeji waliyachimba matuta haya kwa mikono, wengi wao wakiwa katika vikundi vya mwethya, ambako leo tunachimba kwako na kesho kwangu. Mwaka wa 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu wilaya hii. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka mara tano, na bado mmomonyoko ukapungua.

Nilikuwa nayatazama hayo dirishani huku simu ikiwa mkononi. Mtandao ulikuwa unakuja na kupotea kila tulipozunguka kilima. Nakiri kwamba nilihuzunishwa zaidi na kupotea kwa mtandao kuliko na habari za mwaka wa 1938.

Sokoni

Soko la Kola limekaa kando ya barabara. Kuna maduka, hoteli za chai na mandazi, vijana wa bodaboda na akina mama wanaouza maembe na mboga. Nilishuka nikiwa na kiu, nikaagiza soda na kusimama kivulini.

Chini ya mti wazee wawili walikuwa wakicheza drafti. Ubao wao ulikuwa kipande cha mbao kilichochorwa miraba, na kete zilikuwa vifuniko vya soda, vingine vimetazama juu na vingine chini. Watu wapatao 10 walikuwa wamewazunguka, na kila mmoja alikuwa kocha. Mzee mmoja alipokula kete tatu kwa mkupuo, kelele ikapanda na kofia zikarushwa.

Hatua chache kutoka hapo palikuwa na kibanda cha mabati chenye pazia mlangoni. Humo ndani vijana walikuwa wakicheza kandanda ya PlayStation kwa malipo ya sarafu za shilingi 20. Nao walikuwa 10 hivi, wawili wakicheza na wanane wakiwa makocha. Bao lilipoingia, kelele ikapanda, kofia zikarushwa.

Nilimuuliza mwenye duka anaonaje michezo hiyo miwili. "Ile ya wazee ni akili," akanijibu. "Hiyo ya kibandani ni uhuni."

Sikubishana naye, lakini jibu lake lilinikaa moyoni. Kwa hakika tofauti niliyoiona mimi ni moja tu. Mchezo wa wazee ulikuwa hadharani, na kila apitaye aliweza kuona nani ameshinda na nani anadanganya. Ule wa vijana ulikuwa nyuma ya pazia. Na mchezo wa mpwa wangu umefichika zaidi, kwani uko ndani ya kioo kisichozidi kiganja.

Wazimu wa kitu kimoja

Wengi wa rika langu jijini tulianza na kile kidude cha matofali yanayodondoka, kilichotumia betri za tochi. Kisha zikaja mashine za kuunganishwa kwenye televisheni, na nyumba yenye mashine hiyo ikawa kituo cha watoto wa mtaa mzima. Mwaka wa 1997 Nokia ikamtia nyoka ndani ya simu, na baada ya miaka michache hata wazazi waliotukaripia wakawa wanamlisha nyoka huyo chini ya meza.

Kucheza na mtu aliye mbali ni jambo la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka wa 1978 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walitengeneza ulimwengu wa maneno matupu ndani ya kompyuta. Haukuwa na picha hata moja. Uliandika "nenda kaskazini" na kompyuta ikakueleza ulichokiona, na humo ulikutana na wachezaji wengine. Hizi gemu zote za leo za kucheza kwenye intaneti ni wajukuu wa ulimwengu huo.

Kwetu mlango ulifunguka mwaka wa 2009, nyaya za kioo za chini ya bahari zilipotia nanga Mombasa. Kabla ya hapo kijana alilipa kwa dakika katika saiba, na ukurasa mmoja ulimpa nafasi ya kunywa chai. Baadaye simu za bei nafuu zikaja, na uwanja ukahamia mfukoni. Leo Wakenya si wachezaji tu. Mwaka wa 2015 Andrew Kaggia alitoa gemu iitwayo Nairobi X, ambamo jiji letu lenyewe ndilo uwanja wa vita. Mwaka wa 2018 Sylvia Gathoni, ajulikanaye uwanjani kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya nje ya XiT Gaming kwa ustadi wake wa kucheza Tekken, naye alikuwa akisomea sheria.

Vijana wa mjini wana jina la watu kama sisi: magiki. Giki ni mtu aliyezama katika jambo moja mpaka wenzake wanamwona kama ana kasoro. Atakueleza habari za jambo hilo hata hujamuuliza, na usipomsikiliza atamtafuta giki mwenzake. Mimi nina wenzangu watatu tunaocheza pamoja kila Jumapili usiku: mmoja yuko Mombasa, mmoja Mwanza na mmoja Muscat. Hatujawahi kuonana uso kwa uso. Lakini mwenzetu wa Mwanza alipopata mtoto, nilipata habari kabla ya jirani ninayepakana naye ukuta.

Usiku juu ya kilima

Dada alitupikia muthokoi na kuku. Mpwa wangu alikula akiwa ameinamisha kichwa. Simu ilikuwa imefungiwa kabatini. Baada ya chakula dada akanikonyeza, yaani kazi ianze.

Nilimwomba simu ile, nikamwambia kijana, "Twende unionyeshe."

Alinitazama kana kwamba ni mtego. Tulipanda kilima kilicho nyuma ya nyumba, kwa sababu huko ndiko mtandao unakoshika vizuri. Juu palikuwa na upepo baridi na nyota nyingi ajabu. Tuliketi juu ya jiwe, akafungua gemu yake. Ni zile za wachezaji wengi wanaomwagwa kisiwani kutoka ndegeni, eneo la usalama likawa linapungua, na kikosi kinachosalia mwisho ndicho mshindi. Aina hii ilivuma duniani tangu PUBG ilipotoka mwaka wa 2017.

Msomaji, yule mtoto ni fundi! Huyu aliyekuwa hasemi mezani aligeuka kamanda. Aliwaongoza wenzake watatu, mmoja wa Kisumu, mmoja wa Tanga na mwingine hakumjua atokako, kwa sauti tulivu: wewe kaa nyuma ya ukuta, wewe usipige risasi bado, sisi tunazunguka. Mmoja alipokosea na kuuawa, hakumtukana. Alimwambia, "Si neno, tutarudi tena." Sikuwa nimemsikia mtu akisema hivyo kwenye kikosi changu mwenyewe, nilimo mimi mtu mzima.

Nilimuuliza kwa nini hakuchagua mitambo ya Ulaya. "Pingi, Anko," akanijibu. Pingi ni muda ambao ujumbe huchukua kwenda kwenye mtambo na kurudi. Akanipigia hesabu papo hapo: nuru katika nyaya za kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Nairobi hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 hata ukinyoosha mstari. Kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 60, na kwa kweli huzidi sana kwa kuwa nyaya huzunguka. "Ukichelewa hivyo," akasema, "unauawa na mtu ambaye hujamwona bado."

Nikaligusa jambo lenyewe. Pesa je?

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba katika gemu hiyo, asiyenunua nguo hutambulika kwa mbali na huchekwa. Wenzake wawili walikuwa wamekataa kumfuata kamanda aliyevaa kimaskini. Alidhani angezirudisha kabla mamaye hajajua, kwa kubeba mawe katika nyumba inayojengwa, lakini kazi ile ikasimama.

Niliuona mtego alioingia kwa sababu naujua. Gemu zinazosemekana ni za bure hula kwa njia hiyo. Mlango ni bure, bali ndani kuna duka, na duka lile huuza aibu na heshima. Mengine huuza masanduku yaliyofungwa, unalipa kwanza ndipo ujue umepata nini. Ubelgiji iliamua mwaka wa 2018 kwamba masanduku ya aina hiyo yanayouzwa kwa pesa ni kamari, ikayapiga marufuku. Nalo Shirika la Afya Duniani limeutia uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka wa 2022. Si kila achezaye sana ni mgonjwa. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata pale madhara yanapoonekana.

Nilipozitaja dalili hizo tatu pale kilimani, sauti yangu ilinikwama. Nyani haoni kundule.

Mchangani

Alfajiri tulimsindikiza dada mtoni na punda wawili. Nasema mto, lakini mgeni angeona mchanga mtupu, mkavu kama wa ufuoni. Mpwa wangu alipiga magoti akachimba kwa mikono na kibuyu. Baada ya muda mfupi shimo likaanza kujaa maji, yaliyotulia yakawa safi.

Hilo ni bwawa la mchanga. Hujengwa ukuta wa mawe na saruji kukingama mto wa msimu, juu ya mwamba. Mvua ikinyesha, mafuriko huleta mchanga, nao hutua nyuma ya ukuta mpaka ujae. Kati ya robo na asilimia 40 ya ujazo ule huwa ni maji yaliyojificha baina ya chembe. Jua haliyafikii kirahisi, na mchanga huyachuja. Kola inajulikana mbali kwa kazi hii kwa sababu ya kikundi cha Utooni, kilichoanzishwa mwaka wa 1978 na Joshua Mukusya pamoja na wenzake, ambacho baadaye kilikuwa shirika lililosaidia vijiji vingi vya Ukambani kujenga mabwawa hayo. Niliwaza kwamba mtu anayefikiria mchanga miaka nenda miaka rudi, naye ni giki. Tofauti ni kwamba wazimu wake ulinywesha majirani.

Kijana alipokwenda kumfuata punda aliyetoroka, dada akaniuliza, "Umemkanya?"

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia kwamba siwezi, kwa maana mimi ni mbaya kuliko yeye. Nikamkumbusha usiku ule wa mwaka wa 2019 baba yetu alipozidiwa, naye dada akiwa kitandani pake hospitalini. Alinipigia simu mara nne. Kwenye simu, mtu akikupigia nawe unacheza, mchezo hukatika. Mara zote nne nilibonyeza kitufe chekundu. Nilipompigia mwenyewe saa saba usiku, baba alikuwa amekwisha fariki. Nilimwambia nilikuwa nimelala, na miaka yote hii ameamini hivyo.

Dada hakunitazama. Aliendelea kuteka maji, kibuyu baada ya kibuyu, mpaka mtungi ukajaa.

"Alitaka kukusalimia tu," akasema mwishowe. Kisha baada ya kitambo, "Basi usimkanye. Mweleze hayo uliyonieleza mimi. Haya, shika mtungi."

Nilimweleza mpwa wangu njiani, punda wakiwa mbele yetu. Hakusema kitu. Lakini tulipofika nyumbani aliitoa simu mfukoni, akaiweka mwenyewe mezani mbele ya mamaye.

Tulipatana hivi, sisi watatu. Pesa za mbegu atazilipa kwa kuteka maji ya kuuza kila Jumamosi, na mimi sitamlipia hata senti. Namba ya siri ya pesa za simu ikabadilishwa. Kucheza ataruhusiwa mwisho wa wiki, sebuleni, si chini ya blanketi. Na mamaye ataketi karibu naye, atazame angalau mchezo mmoja.

Mchana ule dada aliketi. Mtandao wa sebuleni ulikuwa wa kusuasua, lakini ulitosha. Mwanzoni alikunja uso. Baada ya dakika chache nikamsikia akiuliza, "Huyu wa koti jekundu ni wetu?" Na kabla mchezo kwisha alikuwa akipaza sauti, "Nyuma yako! Nyuma yako!" kama mmoja wa wale makocha wa chini ya mti.

Wazazi wengi wa jijini huniuliza, kwa kuwa wanajua napenda vitu hivi, kama wawanyang'anye watoto simu. Mimi si daktari wala mwalimu. Ninalojua ni kwamba mzee anayecheza drafti sokoni Kola hawezi kuuza shamba kwa ajili ya kete bila watu 10 kumwona na kumshika mkono. Mtoto wako hana watu hao, isipokuwa uwe wewe. Muulize anacheza na nani, wanauziwa nini humo ndani, na kwa nini pingi ni mbaya. Akikueleza, utajua hali yake. Akikataa kabisa kueleza, utajua pia.

Jumapili iliyopita usiku nilikuwa uwanjani na wenzangu, tumebaki vikosi viwili tu. Simu ikaita. Ilikuwa dada. Nilipokea kabla mlio wa pili, mchezo ukakatika, na wa Muscat alinilaumu baadaye.

Dada hakuwa na shida yoyote. Alitaka kuniambia kwamba mvua imenyesha Kola.